Shamba la watu watatu: tulivyoipima Farming Simulator 25 kabla ya kuhama

Tulikuwa watu watatu kwenye shamba moja la Farming Simulator 22, gemu ya kuigiza ukulima. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, mdogo wangu kwenye PlayStation 5, na mjomba wetu kwenye PlayStation 4 ambayo feni yake inanguruma kuliko trekta lolote lililomo ndani ya gemu. Ramani yetu ilikuwa Elmcreek. Tulianza na mashine za kukodi na banda moja. Baada ya miaka kumi na miwili ya mchezo tulikuwa na mashamba tisa, zizi la ng'ombe na kiwanda cha unga ambacho mjomba alikiita "kinu" hata tulipomrekebisha. Kisha tarehe 12 Novemba 2024 likatoka toleo la 25, na mdogo wangu akatuma ujumbe wa maneno matatu: "Kaka, tunahama lini?"

Hakuuliza kama tunahama. Aliuliza lini. Hapo ndipo nilipoona afadhali nikae chini nipime, maana katika shamba la watu watatu ukihama bila hesabu utamwacha mtu nyuma.

Na mtu wa kuachwa alikuwepo tayari. Toleo la 22, lililotoka Novemba 2021, lilikubali konsoli za kizazi cha zamani na cha kipya, na likaruhusu watu wa mashine tofauti kukutana kwenye shamba moja. Toleo la 25 linaendelea kuwakutanisha wachezaji hivyo hivyo, ila limeziacha PlayStation 4 na Xbox One. Ni la kompyuta, PlayStation 5 na Xbox Series pekee. Mjomba hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kitu cha pili ambacho hakikuwa na mjadala ni kwamba shamba lenyewe halihamishiki. Faili la toleo la 22 halifunguki kwenye la 25. Miaka kumi na miwili, mashamba tisa, kinu cha mjomba, vyote vinabaki huko huko. Hata modi, yale mashine na majengo yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe, lazima mtengenezaji ayarekebishe upya ndipo yafanye kazi. Kwa hiyo anayesema "kuhama" anadanganya kidogo. Unaanza upya, mikono mitupu, na la zamani unaliacha limesimama.

Saa moja kwenye daftari

Matangazo ya gemu mpya hukuletea orodha: ramani tatu, mazao mapya, wanyama wapya, udongo unaobonyea, vimbunga. Orodha ina tabia mbaya ya kuvipa vitu vyote uzito mmoja. Mbuzi anakaa mstari mmoja na injini mpya ya gemu. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: badiliko hili litagusa dakika zangu ngapi?

Nikachukua daftari, nikajihesabia saa moja ya kawaida kwenye shamba la zamani. Ilikuwa Septemba ya mchezo, msimu wa kupanda ngano. Karibu dakika arobaini nilikuwa nimeshika usukani nikienda mstari ulionyooka: kutifua, kumwaga chokaa, kupanda, kupitisha rola. Dakika kumi hivi ziliishia barabarani nikivuta trela. Zilizobaki zilikuwa za kufunga na kufungua vyombo nyuma ya trekta, kujaza mbegu, na kuhangaika na menyu. Dakika za kusimama na kutazama mandhari hazikuwepo kabisa.

Hiyo ndiyo mizani niliyotumia. Si kamili, na mtu anayefuga tu au anayekata miti atapata hesabu nyingine kabisa. Lakini sisi tulikuwa wakulima wa nafaka, na theluthi mbili za maisha yetu zilikuwa mstari ulionyooka.

Yaliyong'aa zaidi yalikuwa mepesi

Nilikwenda kukaa na mdogo wangu wikendi moja, yeye akiwa ameshalinunua kabla sijamaliza kuhesabu. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni udongo. Tairi likipita kwenye ardhi yenye maji linazama kweli, tope linasukumwa pembeni, na ukigeuka nyuma unaona njia yako imechorwa shambani. Kwa macho ni kazi safi sana. Ukitoka kwenye toleo la 22, ambako tairi lilikuwa kama linaelea juu ya zulia, huwezi kurudi nyuma bila kuona tofauti.

Halafu nikauliza: mavuno yanapungua ukikanyaga shamba likiwa limelowa? Hayapungui. Mkulima wa kweli akiingiza trela la tani ishirini kwenye shamba lililolowa ataujutia udongo ule ulioshindiliwa msimu mzima. Hapa unapata picha ya kosa bila kosa lenyewe. Kwenye daftari nikaandika sifuri, nikaongeza alama ya mshangao kwa sababu ni nzuri.

Vimbunga na mvua ya mawe ni habari nyingine kidogo. Kwenye ramani ya Riverbend Springs nilikuwa nimefunga marobota ya majani, kama ishirini hivi, nikayaacha yamelala shambani kwa sababu ilikuwa usiku na nilitaka kulala. Siku iliyofuata ya mchezo anga likawa na rangi ya chuma. Mdogo wangu aliona kabla yangu. "Kaka, marobota." Nikasema yatakaa. Kimbunga kikaja kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kikapita katikati ya shamba, na marobota yakaanza kupaa moja moja, taratibu, kama maputo ya sherehe. Yeye alicheka mpaka akaweka rimoti chini. Mimi nilijifunza kuingiza marobota ghalani siku ile ile, na sijawahi kupoteza tena. Ndiyo maana nikakipa kimbunga pointi ndogo tu: kinakufunza tabia moja, kisha kinabaki pambo. Na asiyekitaka anaweza kupunguza makali yake kwenye mipangilio.

Nyati wa maji na mbuzi nimewapita haraka, nao wanistahimili. Wana maziwa yao na jibini zao, na sasa wanyama wana watoto wanaoonekana wakiwa wadogo kweli, jambo ambalo mjomba angelipenda. Miradi ya ujenzi, ile ya kupeleka mbao na saruji mpaka jengo lisimame, inawapa kazi wale waliokwisha kuwa matajiri na hawajui wafanye nini na fedha. Sisi tulikuwa tunaanza na mikono mitupu. Njegere, maharage mabichi na spinachi yanaongeza rangi shambani, lakini ukishaelewa mashine ya kuvunia yanarudi kuwa zao kama zao lingine.

Ajabu ni kile ambacho hakikubadilika. Hesabu ya mavuno, ule moyo wa gemu, kwa kiasi kikubwa ni ile ile. Katika toleo la 22 shamba lililotunzwa kikamilifu hutoa mara mbili ya shamba lililotelekezwa: mbolea ndiyo inayobeba asilimia 45 ya nyongeza, palizi 20, kulima kwa plau 15, chokaa 15, na zile mbili na nusu, mbili na nusu za kusaga mabua na kupitisha rola. Anayezijua kwa kichwa atajikuta nyumbani kwenye toleo jipya baada ya dakika tano. Hilo ni faraja au ni uvivu, kutegemea unamuuliza nani. Mimi nilitarajia ujasiri zaidi baada ya miaka mitatu.

Usukani

Badiliko lililoichukua mizani yangu na kuilaza chini halikuwa na mbwembwe hata kidogo. Ni msaada wa usukani, uliomo ndani ya gemu lenyewe tangu siku ya kwanza.

Kazi yake ni hii. Unafika shambani na chombo chako nyuma, tuseme mashine ya kupandia ya mita sita. Unaiambia gemu ichore mistari kulingana na upana huo. Mistari inatokea juu ya udongo, unasogea kwenye mmoja, unabonyeza, na trekta linashika mstari lenyewe. Kasi ni yako. Kugeuza ukifika ukingoni ni kazi yako. Ukigeuka unatafuta mstari unaofuata, unabonyeza tena, basi.

Mchezaji wa kompyuta anaweza kushangaa kwa nini nalikuza jambo hili. Kwenye kompyuta modi za namna hii zimekuwepo miaka mingi, na nyingine kama Courseplay na AutoDrive zinafanya makubwa kuliko kushika mstari. Lakini modi za aina hiyo zina msimbo wake, na konsoli hazizikubali. Shamba letu lilikuwa la mchanganyiko, na kwenye shamba la mchanganyiko kila kilichomo lazima kikubalike kwa kila mtu. Kwa hiyo kwa miaka ile yote hata mimi mwenye kompyuta nilikuwa nikiendesha kwa jicho kama mjomba. Usukani wa toleo la 25 umekuja kwa wote kwa siku moja, na kwa watu kama sisi hilo ni kubwa kuliko ramani tatu.

Rudi kwenye daftari: dakika arobaini kati ya sitini. Hakuna badiliko lingine lililokaribia hapo.

Nikawa nimefurahi, mpaka nilipompigia mjomba kumweleza. Nilimsalimu, akaniitikia, nikamwaga sifa zote. Akanyamaza kidogo.

"Sasa usukani ukijishika," akasema, "wewe humo ndani unafanya nini?"

Nikajibu kwamba ninasimamia kasi, ninageuza.

"Aa. Umekuwa kondakta."

Neno lile sikulipenda kwa sababu lilikuwa kweli. Wikendi ile, baada ya robo saa ya kwanza ya starehe, nilikuwa nimeanza kutazama simu. Trekta linapanda, mimi nasoma ujumbe, ukingo unafika nageuza, narudi kwenye simu. Makosa yamekwisha, hakuna mistari iliyopinda, hakuna mbegu iliyopandwa juu ya mbegu. Na mimi sikuwepo shambani. Kibarua wa kompyuta, yule unayemlipa akufanyie kazi, naye ameboreshwa; anaweza mashamba yenye kona za ajabu kuliko zamani. Ukimchanganya na usukani huu unaweza kumaliza msimu mzima bila kuendesha chochote isipokuwa kwenda dukani.

Hapo ndipo upimaji wangu ulipopata ufa. Nilikuwa nimehesabu dakika za kuendesha kama gharama. Kwa mjomba zile dakika ndizo bidhaa. Yeye huingia shambani jioni akiwa amechoka na watu, anawasha kombaini, na kwa saa nzima kazi yake ni kuhakikisha kisu hakiachi kitu upande wa kushoto. Ukimwondolea hilo umempa gemu ya kutazama.

Mpunga

Jumapili tulihamia ramani ya Hutan Pantai, ile ya Asia Mashariki, kwa sababu mdogo wangu alitaka kujaribu mpunga. Mimi nilidhani ni zao jingine la kuongeza kwenye orodha. Nilikosea.

Uko wa namna mbili. Ule wa punje ndefu husiwa kwa mashine ya mbegu, na hauna la kushangaza. Mwingine ndio wenye kazi: unahitaji jaruba, jaruba linahitaji maji, maji unayapandisha na kuyashusha mwenyewe, na zao lenyewe halisiwi, linapandikizwa. Unatafuta miche, unaipakia kwenye mashine ndogo ya kupandikiza, ya kampuni ya Iseki kutoka Japani, unaingia majini na unakwenda pole pole, safu chache kwa mpigo. Majaruba ni madogo, yamebanana, yana kona. Ukija na tabia ya mashamba makubwa ya ngano, trekta pana na haraka, utahangaika kugeuza kuliko kupanda.

Niliketi kwenye mashine ile dakika ishirini nikapanda kijaruba kimoja. Miche inasimama nyuma yako kwenye maji, kijani kibichi juu ya kioo cha anga, na kila safu unaiona. Sikugusa simu. Nilikwenda vibaya mara mbili nikaacha pengo, na pengo lilinikera kama lilivyokuwa likinikera miaka ya mwanzo, kabla sijawa tajiri wa mashamba tisa.

Kwa hiyo gemu moja imefanya mambo mawili yanayovutana. Kwenye nafaka imeiondoa kazi ya mikono, na kwenye jaruba imeirudisha. Sidhani kama waliyapanga yavutane hivyo. Pengine ni timu mbili zilizokuwa vyumba tofauti. Ila kwa mpimaji hapo ndipo penye jibu, kwa sababu mtu anayesema "toleo la 25 ni rahisi zaidi" na anayesema "toleo la 25 lina kazi zaidi" wote wanasema kweli, kila mmoja akiwa kwenye ramani yake.

Tuliamua nini

Njia zilikuwa tatu. Kuhama wote, ambako maana yake mjomba anunue konsoli mpya. Kubaki wote, ambako maana yake mdogo wangu aendelee peke yake kimya kimya na shamba la Elmcreek life kwa kupuuzwa. Au kugawana.

Mdogo wangu alitaka njia ya kwanza na alikuwa tayari kumchangia mjomba. Mimi nilikataa kwa sababu moja: mtu asinunuliwe kifaa ili apelekwe kwenye gemu ambayo jambo lake kubwa ni kumwondolea kile anachokipenda. Huenda nilikuwa namsemea. Lakini nilimuuliza naye akasema yuko sawa na kinu chake.

Kulikuwa na hoja ya kusubiri pia. Precision Farming, ile nyongeza ya bure ya kupima udongo na kutoa mbolea kwa kiasi kinachohitajika kila kipande cha shamba, haikuwemo toleo la 25 lilipotoka. Ilikuja mwaka 2025. Modi nazo zilikuwa chache mwanzoni, kama ilivyo kila toleo jipya. Kwa mchezaji ambaye shamba lake la zamani limejaa modi na amezoea ramani ya udongo yenye rangi, kuhama siku ya kwanza kulikuwa kurudi nyuma. Ningekuwa peke yangu ningesubiri nusu mwaka bila shaka yoyote.

Tukagawana. Mimi na mdogo wangu tulianza Hutan Pantai, si Riverbend, kwa makusudi. Sharti letu lilikuwa moja: msaada wa usukani ni wa chokaa, mbolea na kupanda tu. Kuvuna ni kwa mkono. Yeye alilipinga sharti wiki ya kwanza, akalikubali ya pili, na ya tatu nikamkuta analivunja kwenye soya. Sikusema kitu. Jumamosi jioni tunarudi Elmcreek kwa mjomba, watu watatu, toleo la 22, mistari ya jicho.

Miezi imepita, na si kila kitu kimekwenda nilivyopima. Nilidhani ukiishi na udongo unaobonyea utauzoea na kuusahau. Badala yake kila Jumamosi Elmcreek inaonekana kama meza iliyopigwa deki, na inanichukua dakika kadhaa kuizoea tena. Nilidhani nyati ni pambo. Mdogo wangu sasa anao wengi kuliko akili, na jibini yao ndiyo inayolipa mafuta ya matrekta yetu. Kuhusu usukani nilikuwa sahihi, na ningependa nisiwe: mashamba tunayoyalima nao ndiyo mashamba ambayo hakuna kati yetu anayeyakumbuka.

Mwezi uliopita mdogo wangu alimpigia mjomba kwa video, akaielekeza simu kwenye televisheni akiwa anapandikiza. Hakueleza chochote. Mjomba alitazama kimya jaruba zima, maji, miche, kona, mashine ikirudi nyuma kidogo kuziba pengo. Mwishoni akakohoa.

"Hiyo sasa ni kazi," akasema.

Kisha akauliza kama konsoli ya namna ile inapatikana ikiwa imeshatumika, na kama feni yake inalia.